Muvi za Kutafsiriwa: Filamu ya Kale Inapopata Msimulizi Mpya

Muvi ya kutafsiriwa ni filamu ya kigeni ambayo msimulizi, anayejulikana kwa watazamaji kama DJ, ameiwekea sauti yake ya Kiswahili na kuisimulia kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Sauti ya asili haiondolewi. Milio ya risasi, muziki na vilio vya waigizaji hubaki chini, na DJ husikika juu yake akisema maneno ya kila mhusika, akieleza kinachotokea, akitoa maoni yake, na pengine akiruka sehemu asiyoitaka. Aliyetengeneza filamu hakuombwa ruhusa, na kwa kawaida hajui hata kama kazi hiyo ipo. Kinachopatikana ni toleo jingine la filamu, lenye mpangilio wake wa habari, vichekesho vyake, na mara nyingi staringi mwenye jina ambalo Hollywood haikumpa.

Wilaya ya Sengerema, iliyo ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, ni mahali pazuri pa kuelewa kwa nini kazi hii ilipata wateja. Wenyeji wake ni Wazinza, lakini mjini Sengerema, kwenye mialo ya Buchosa na katika visiwa vya Kome na Maisome wanaishi pia Wasukuma, Wakerewe, Wajita na watu wa makabila mengine waliofuata sangara na dagaa. Kinachowaunganisha watu hawa ni Kiswahili. Kiingereza cha filamu, kinachosemwa haraka na kwa lafudhi za Marekani, mara nyingi hakimfikii hata mtu aliyemaliza sekondari. Dagaa nao huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka, mvuvi wa dagaa hukaa nchi kavu. Mtu wa namna hiyo ana muda, ana shilingi kadhaa mfukoni, na kibanda umiza kipo karibu: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni iliyoinuliwa juu ili wa nyuma nao waone, na spika kubwa kuliko chumba. Panapobandikwa jina la filamu ya leo, jina la DJ huwa halikosekani, na kwa wateja wengi hilo ndilo linaloamua waingie au wapite.

Mtazamaji kuichukua filamu iliyokwisha kukamilika na kuihariri apendavyo ni jambo linalofanyika pia Marekani na Ulaya, ingawa kwa sababu nyingine. Huko filamu iliyoguswa zaidi kwa namna hiyo ni Star Wars ya George Lucas, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1977. Filamu hiyo yenyewe iliokolewa na mkasi. Uhariri wa kwanza haukumridhisha Lucas, ukaanzwa upya na Paul Hirsch, Marcia Lucas na Richard Chew, na watatu hao wakapata Oscar ya uhariri. Mwaka 1981 maandishi yanayopanda mwanzoni mwa filamu yaliongezewa jina na namba ya sehemu ya nne, mambo ambayo watazamaji wa 1977 hawakuyaona. Mwaka 1997, filamu ilipotimiza miaka 20, Lucas alitoa toleo lenye viumbe vilivyochorwa kwa kompyuta, mandhari mapya, na tukio la baa lililobadilishwa ili adui awe wa kwanza kufyatua risasi kabla ya Han Solo. Baada ya hapo toleo la zamani likawa adimu madukani.

Mashabiki wakaingia kazini, wakigawanyika katika makundi mawili yenye nia tofauti kabisa. La kwanza lilitaka kuboresha. Mhariri Mmarekani aitwaye Mike J. Nichols aliichukua filamu nyingine ya Star Wars, The Phantom Menace ya 1999, akaondoa karibu dakika 18, akampunguzia maneno mhusika Jar Jar Binks, na kanda yake iliyoitwa The Phantom Edit ikaanza kupita mkono kwa mkono mwaka 2001. La pili lilitaka kurudisha. Petr Harmáček wa Jamhuri ya Czech, anayejulikana kama Harmy, aliunganisha vipande kutoka vyanzo mbalimbali ili kuipata tena filamu kama ilivyokuwa 1977. Mashabiki wengine walitafuta mikanda ya sinema ya milimita 35 iliyobaki tangu wakati huo, wakaisafisha na kuigeuza kuwa ya kidijitali kwa mradi uitwao 4K77, uliotoka mwaka 2018. Kazi hizi zote haziuzwi, na wanaozifanya huonya kwamba anayezitaka anapaswa kuwa na nakala halali aliyoinunua.

DJ wa Afrika Mashariki hana ugomvi na mkurugenzi wa filamu. Yeye anashughulika na watazamaji ambao filamu haikuwahesabu ilipotengenezwa. Ndiyo maana zana yake kuu si mkasi bali maikrofoni, na historia yake ni ndefu kuliko ya kompyuta.

Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la serikali za kikoloni na wamisionari la kutengeneza filamu za elimu kwa Waafrika, likiongozwa na Meja L. A. Notcutt, na makao yake yalikuwa Vugiri katika milima ya Usambara. Filamu zilikuwa bubu. Maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine yalirekodiwa kwenye santuri zilizochezwa sambamba na picha. Baadaye magari ya sinema ya serikali yalizunguka vijijini na mkalimani aliyeshika maikrofoni, akieleza picha kwa lugha ya mahali. Mkalimani huyo alikuwa mtumishi wa serikali na alipaswa kusema alichoagizwa, lakini tayari watu walikuwa wamezoea jambo moja: picha inakuja na mtu wa kuisema. Wajapani walikuwa nalo tangu sinema ilipowafikia. Wasimulizi wao walioitwa benshi walikaa kando ya pazia wakiigiza sauti za wahusika wote, walijulikana kuliko waigizaji, na walikosa kazi filamu zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930. Kwetu filamu zenye sauti hazikumwondoa msimulizi, kwa kuwa sauti yenyewe ilikuwa ya lugha ngeni.

Video ilipofika, kazi ikahamia kwa watu binafsi. Uganda ilitangulia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, katika mabanda ya Kampala yaitwayo bibanda, wasimulizi walioitwa VJ walikaa na maikrofoni na kikuza sauti wakitafsiri kwa Kiganda mbele ya watazamaji. VJ Lingo anatajwa kuwa miongoni mwa waanzilishi, na VJ Jingo na VJ Junior wakawa majina makubwa. Rwanda ina agasobanuye, filamu za aina hiyohiyo kwa Kinyarwanda. Kenya ina DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika katika mabanda, matatu na vinyozi kote nchini. Tanzania ilimpata Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Kanda zake zilimfanya ajulikane hata na watu wasiojua kamwe sura yake, na baada yake wakaja King Rich, DJ Mack, DJ Murphy na wengine wengi. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings, aliyeichunguza kazi ya Lufufu na King Rich, aliipa makala yake ya 2012 jina linalosema juu ya wali kugeuzwa pilau, na ni vigumu kupata maelezo mafupi yanayozidi hayo: mchele ni uleule, ila aliyeupika ameweka viungo vyake.

Zana zilibadilika pamoja na nyakati. Katika enzi ya VHS deki mbili ziliunganishwa, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, katikati kukiwa na mikisa yenye maikrofoni. DJ alishusha sauti ya filamu kwa kidole alipotaka kusema na kuipandisha risasi zilipoanza. Akikosea, alirudisha nyuma au aliacha kosa lipite. Kila kanda iliyonakiliwa kutoka nakala nyingine ilizidi kufifia, hata picha ikaanza kucheza na rangi kuhama. VCD ilileta mkasi wa lazima, kwa kuwa sahani moja hubeba dakika 74 hadi 80 tu: filamu ya saa mbili ilipaswa kukatwa, na DJ hodari alijua kuikata pale ambapo mtu angelazimika kuweka ya pili. Kisha zikaja DVD za filamu nyingi zilizobanwa katika sahani moja. Leo kazi hufanyika kwenye kompyuta, ambapo sauti ya DJ ina mstari wake na hurekebishwa bila kugusa picha, na mteja hupelekewa muvi kwenye flashi au memori kadi.

Yote hayo hayajibu swali la msingi: je, kusimulia ni kuhariri? Mfano mzuri ni The Terminator ya James Cameron, iliyotoka Oktoba 1984, filamu ya sayansi ya kubuni iliyomfanya Arnold Schwarzenegger kuwa jina maarufu kwenye mabanda yetu. Mwanzoni watu wawili wanatokea usiku jijini Los Angeles, kila mmoja peke yake, wote wakiwa uchi. Wa kwanza, aliyeigizwa na Schwarzenegger, anatazama jiji kutoka juu kilimani, anawakuta vijana watatu wahuni na kudai nguo zao. Wa pili anaanguka katika uchochoro na kuwakimbia polisi. Maneno ni machache sana. Filamu haisemi nani mwema na nani mbaya, wala haisemi kwamba mmoja wao si binadamu. Mtazamaji anaachwa na shaka hiyo kwa muda mrefu, wawili hao wakimtafuta mwanamke mmoja, Sarah Connor, mpaka wanapokutana ukumbi wa dansi na bunduki kulia. Ndipo yule wa pili, Kyle Reese, akiwa anaendesha gari kwa kasi, anapomweleza Sarah kwamba anayewafuata ni mashine iliyotumwa kutoka mwaka 2029.

DJ anapofika kwenye dakika hizo za kimya ana uamuzi mzito wa kufanya. Kwa mhariri wa Marekani ukimya ni mali ya kutunzwa. Kwa DJ ukimya ni nafasi, na banda lililojaa watu halivumilii picha isiyosemwa. Akisema tangu mwanzo kwamba huyu mwenye misuli ni roboti, ametumwa kuua, na yule mwembamba ndiye mlinzi, ameivunja shaka aliyoijenga Cameron na kuweka kitu kingine mahali pake: watazamaji sasa wanajua hatari ambayo Sarah haijui, na wanaanza kumpigia kelele akimbie. Akinyamazia siri hiyo na kujaza nafasi kwa mizaha juu ya mtu anayetembea uchi mjini, ameihifadhi shaka lakini ameifanya nyepesi. Katika hali zote mbili hakukata hata picha moja, na bado filamu imebadilika katika uti wa mgongo wake, yaani mpangilio wa nani anajua nini na lini. Nichols aliondoa dakika 18 kupata badiliko la kina kama hilo.

Kuna tatizo la pili katika filamu hiyohiyo, nalo ni muda. Mtu anatumwa nyuma kutoka wakati ujao kumlinda mama wa kiongozi ambaye hajazaliwa, na mwishowe mlinzi huyo ndiye anakuwa baba wa kiongozi aliyemtuma. Wengi waliosoma Kiingereza hupotea hapo. DJ hana fursa ya kusimamisha mkanda na kufundisha. Lazima aseme jambo hilo katika sekunde chache, kwa sentensi ambazo mtu aliyechelewa kuingia atazishika, halafu alirudie kwa njia nyingine dakika kumi baadaye. Wasimulizi wazuri hurudiarudia hivyo kwa makusudi, kama wafanyavyo watambaji wa hadithi. Wabaya hulikimbia tatizo na kuigeuza filamu kuwa ya kufukuzana tu. Hapa ndipo ubora wa DJ unapopimwa, kuliko katika wingi wa vichekesho vyake.

Hollywood yenyewe iliwahi kumwajiri msimulizi wa kumwokoa mtazamaji aliyepotea. Blade Runner ya Ridley Scott ilipoonyeshwa kwa watu wa majaribio kabla ya kutoka mwaka 1982, wengi hawakuielewa. Waliotoa fedha wakaagiza Harrison Ford arekodi sauti ya kueleza kinachoendelea, na kuongeza mwisho wa furaha. Sauti hiyo iliondolewa katika toleo la 1992, na Scott alitoa toleo lake la mwisho mwaka 2007. Wapo waliofurahi ilipoondolewa na wapo wanaoikosa hadi leo. Anayemdharau DJ kwa kuongea juu ya filamu ya mtu mwingine anapaswa kukumbuka kwamba studio kubwa ilifanya vivyo hivyo, kwa sababu ileile ya kuogopa mtazamaji kuachwa nyuma.

Tafsiri rasmi ni jambo jingine. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina Doudou na Mama Wakwe Zake, ambamo kila mhusika alipewa mwigizaji wake wa sauti ya Kiswahili na sauti ya Kichina ikaondolewa. Azam TV nayo ilionyesha tamthilia ya Kituruki Sultan kwa njia hiyo. Star Wars yenyewe iliingizwa sauti kwa lugha ya Wanavajo wa Marekani mwaka 2013, kwa idhini ya wenye filamu, na ikawa hatua kubwa kwa lugha yenye wasemaji wachache. Katika kazi za namna hiyo mtafsiri hujificha. Kadiri asivyoonekana ndivyo anavyosifiwa. DJ hufanya kinyume chake. Anajitaja jina mwanzoni, huwasalimu watu wake, husema sauti za mwanamke, mtoto na jambazi kwa koo moja, na hutoka nje ya hadithi kumlaumu staringi kwa uzembe. Mji wa kigeni unaweza kugeuka Kariakoo, na askari wa anga akaongea kama kondakta wa daladala. Kiswahili hicho hakingepita mikononi mwa mhariri wa vitabu, lakini kina uhai, kina misemo inayozaliwa bandani na kutokea shuleni wiki inayofuata, na watoto wa nyumba zinazosema Kizinza au Kisukuma wamekisikia humo kwa saa nyingi.

Muungano wa karibu zaidi kati ya msimulizi na filamu upo Wakaliga, Kampala. Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana I.G.G., alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kidogo sana, akitumia kompyuta aliyoiunda mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika. Kwa kukosa nafasi kwenye kompyuta hiyo alilifuta toleo la asili ili atengeneze filamu nyingine. Kilichobaki ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, anayeshangilia, kutania na kuitangaza filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo filamu ambayo dunia imeiona na kuipenda, na hakuna nyingine ya kurudi kwayo.

Kwa upande wa sheria, hali haina utata mkubwa. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hiyo filamu za kigeni zinalindwa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humpa mwenye kazi haki ya kuamua nani aitafsiri, aigeuze au aionyeshe hadharani. Taasisi ya hakimiliki, COSOTA, husimamia haki hizo, na Bodi ya Filamu hushughulikia vibali vya kuonyesha. DJ asiye na idhini yuko nje ya sheria, hata akiwa na kipaji gani. Wasanii wa hapa nao wana lalamiko la haki: Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo wakipinga filamu za kigeni zinazouzwa kwa bei ya kutupa bila kulipiwa, kwa kuwa filamu yao iliyogharimiwa haiwezi kushindana na ya Arnold iliyonakiliwa bure. Tofauti na mashabiki wa Star Wars, wanaogawa bila malipo, hapa kuna biashara, na hilo hulifanya kosa kuwa zito zaidi. Njia ya wazi ya kulimaliza ni wenye filamu kuwapa wasimulizi leseni kwa ada ambayo soko la vibanda linaweza kuimudu, jambo lisilohitaji sheria mpya.

Wakati hilo halijafanyika, kazi zenyewe zinapotea. Jambo lisilo halali halipelekwi kwenye maktaba, na kanda nyingi za wasimulizi wa kwanza zilibaki nyumbani kwa watu na katika maduka ya kukodisha yaliyofungwa. VHS huhifadhi picha na sauti kwenye utepe wenye chembe za sumaku, na utepe huo haupendi joto wala unyevu. Katika hewa ya kando ya ziwa ukungu mweupe huota kingoni mwa utepe uliofungiwa miaka mingi, na ukichezwa hivyohivyo huchafua deki na kuharibu kanda inayofuata. Kanda yenye ukungu hufunguliwa na kusafishwa kabla ya kuingizwa mashineni. Ikishakuwa safi huchezwa kwenye deki iliyounganishwa na kompyuta kupitia kifaa kidogo cha kunasa picha, na kunakili huchukua muda uleule wa filamu: saa mbili za Lufufu ni saa mbili za kusubiri. Deki nzima zinazidi kuadimika, na mafundi wanaojua kubadili vichwa vyake ni wale waliojifunza kazi hiyo zaidi ya miaka 20 iliyopita.